Niliangalia, Sikuhesabu

Jumamosi ile tulishuka chini ya mji kwa ngazi ya chuma, kupitia mlango mdogo nyuma ya duka la mikate, na kitu cha kwanza Ireri alichosema alipofika chini ni kwamba pananuka kama kisima cha kwao kikikaribia kukauka. Nikamwambia ashukuru, angalau huku kuna maji. Yeye alikuwa mtu wa Kiritiri, kule Mbeere, jua na mbuzi. Mimi ni wa Meru, migomba na ukungu. Utani wetu ulikuwa huohuo kila siku na hatukuuchoka.

Mji wenyewe ulikuwa wa zamani sana, huko Ulaya mashariki. Jina lake silitaji. Anayetaka kulijua atalijua, lakini kinywani mwangu halitoki tena. Tulikuwa tumeenda kusoma udaktari. Ireri nilimpata kwenye foleni ya vibali: karani alimwambia arudi kesho kwa mara ya nne, nikasikia mtu nyuma yangu akimwita Mungu kwa lugha ya kwetu, "Ngai!", kwa sauti ya chini, nikageuka. Lugha zetu za nyumbani zilielewana nusu, Kiswahili kikajaza pengo. Watu walidhani tunapendana. Hatukupendana hivyo. Nilimgombeza kama mdogo wangu wa tumbo moja, naye aliniita Mama Hasira, na alikuwa na haki, maana mimi hasira hazichelewi.

Koti lake la manjano lilitoka kwetu. Mama yangu anauza viazi sokoni Gakoromone, na nilipomsimulia likizoni kwamba kuna kijana wa Mbeere anayetetemeka huko kama kuku aliyenyeshewa, alikwenda mwenyewe kwenye mitumba akachambua mpaka akapata koti zito, la manjano ya kuumiza macho. "Hilo hata akipotea ataonekana," akasema Mama. Ireri alilivaa miaka miwili, mpaka watu wa hosteli wakawa wanamtambua kwa koti kabla ya uso.

Kitu alichokipenda kuliko masomo ni kwenda chini. Mji ule ulikuwa na mji mwingine chini yake: mitaro ya matofali ambayo mtu mzima anapita amesimama, maghala ya mvinyo yaliyosahauliwa, vijia ambavyo watawa walichimba kwa mikono. Na chini zaidi ya hivyo vyote, treni. Ulikuwa unatembea gizani saa nzima na tochi, matope hadi kwenye vifundo, halafu Bohdan anafungua mlango mmoja wa chuma na mnatokea pembeni mwa reli, mbele kidogo kuna stesheni yenye nguzo za marumaru na taa za kuning'inia kama za kanisa kuu. Ireri alishika zile nguzo kila mara. Alisema akirudi nyumbani na kuwaambia, watamwita mwongo.

Bohdan ndiye aliyekuwa akituongoza. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kutunza mahandaki ya treni, mfupi, mkali, mikono mikubwa kuliko mwili. Jumamosi aliwachukua wanafunzi waliotaka kuona. Hakuwa na mjukuu, na ingawa hakusema, alimpenda Ireri. Alimfundisha jina la kila bomba na kila ukuta. Siku hiyo alituonyesha lango la handaki, bamba la chuma unene wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, linalotoka ukutani na kuziba njia yote ya reli.

"Likifungwa, hayapiti maji, haupiti moto, haupiti moshi," akasema. "Wala hapiti mtu." Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu lugha yao niliijua vizuri kuliko wenzangu. "Kendi, hesabu watu tutoke."

Nikacheka. Ireri naye akacheka. Bohdan akauliza kuna nini cha kuchekesha.

Nikamweleza. Kwetu watu hawahesabiwi. Shosho, nyanya yangu, alinipiga kofi nikiwa darasa la kwanza, siku niliyotoka shuleni na hesabu yangu mpya nikaanza kuwaelekezea kidole wajomba waliokuwa wakinywa chai uani: moja, mbili, tatu. Aliniambia ukihesabu watu, kifo kinasikia idadi na kinajua pa kupunguza. Mama yangu mpaka leo ukimuuliza ana watoto wangapi anajibu, "Wako." Ninajua. Ni mambo ya wazee. Nilikuwa najua kila mfupa wa mkono kwa jina lake la Kilatini, na bado kumnyooshea mtu kidole na kusema "moja" kulinishinda.

"Na mtajuaje kama mmoja amebaki?" Bohdan akauliza.

Ireri alijibu yeye. Alisema amechunga mbuzi tangu miaka sita na baba yake hakuwahi kuwahesabu hata siku moja. Jioni wakiingia zizini unawaangalia tu. Yule wa doa yupo, yule mweusi wa sikio lililochanika yupo, yule mwekundu mkorofi yupo. Asiyekuwepo, jicho lenyewe linakuambia. Alijivuna kidogo, na mimi nikamtafsiria huku nikijivuna naye.

Bohdan hakutabasamu. "Mbuzi hawabadilishani ngozi," akasema. "Huku chini hakuna mila. Kuna hesabu." Akatuhesabu mwenyewe, akimdunga kila mtu kifuani kwa kidole. Mimi nilikuwa wa nane. Nilinuna hadi hosteli kama mtu aliyetukanwa.

Vita vilianza wiki chache baadaye, alfajiri ya siku ya kazi. Sitaki kuvisimulia vyote. Walioniuliza maswali niliporudi walitaka vifaru na ndege. Mimi niliona sakafu. Kwa siku sita niliona sakafu ya stesheni ile yenye nguzo za marumaru, na viatu vya watu waliolala juu yake.

Treni zilisimamishwa na mji ukashuka chini. Siku ya kwanza watu walikuwa wema, wema wa ajabu. Mwanamke mmoja alitugawia mkate na jibini hata kabla hatujaomba. Siku ya tatu mkate ulipungua, na mtu mmoja mwenye daftari akaja akasema wenyeji kwanza. Siku ya nne akasema wageni wahamie mwisho wa jukwaa, karibu na mdomo wa handaki, ambako upepo wa baridi unatoka usiku na mchana. Hakuna aliyembishia. Yule mwanamke wa jibini alinitazama, kisha akaangalia simu yake. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Ireri hakukasirika hata mara moja, na hilo lilinikera. Alisema mbuzi wakiogopa wanasukumana zizini, na anayesukumwa pembeni ni yule asiye na mama pale. Nikamwambia mimi si mbuzi. Akasema, "Mama Hasira, kula biskuti yako."

Siku ya sita Bohdan alikuja kutoka handakini, amevaa shati la kazi la rangi ya machungwa na tochi kichwani. Walikuwa wamewaita wazee waliostaafu warudi kusaidia. Alisema kuna treni za juu ya ardhi zinazoondoa watu kuelekea magharibi, kutoka stesheni kubwa ya reli, lakini barabara za kwenda huko zinapigwa mizinga. Njia ni moja, kutembea ndani ya handaki. Anapeleka kundi baada ya kundi. Kundi letu lilikuwa wageni na wenyeji wachache ambao hakuna aliyetaka kutembea nao: wazee, mwanamume mwenye magongo, bibi mmoja aliyekuwa na paka ndani ya kikapu.

Akatupanga mstari na kutuhesabu kwa kidole chake. Ishirini na tatu. Akaniambia, "Wewe utakuwa wa mwisho. Ni kazi yako. Nikikuuliza, unahesabu. Huangalii, unahesabu. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa.

Tuliingia. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Kati ya reli ni mbao na kokoto, mtu unaangalia unapokanyaga, huangalii mwenzako. Ireri alikuwa mbele yangu kidogo, amembebea bibi kile kikapu. Paka alikuwa analia humo ndani, sauti yake ikigonga kuta na kurudi. Ireri alimwongelesha kwa Kimbeere, maneno yale ya kuwatuliza mbuzi wa kukamuliwa. Kwao paka hana hata jina, anakaa jikoni kwa ajili ya panya, basi. Nikamwambia tukifika Kiritiri nitawasimulia watu wao. Akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Katikati ya safari palikuwa na shimo la ukutani ambamo mafundi walikuwa wakikaa zamani, lina benchi. Bohdan aliruhusu wazee wapumzike. Mimi nilikuwa nimeinama nikimfunga yule wa magongo kamba za viatu, kwa hiyo sikuona. Nayajua haya kwa sababu bibi alikuja kunieleza baadaye, akiwa analia. Bibi alikuwa anatetemeka kwa baridi, na Ireri alivua koti lake akamvalisha. Kisha wakaondoka. Kikapu kilibaki kwenye benchi, kila mmoja akidhani mwenzake amekibeba.

Tulikuwa tumebakiza kama hatua mia tatu tufike stesheni ya pili.

Kukapigwa juu yetu.

Sikusikia mlio. Nilisikia meno yangu yakigongana. Vumbi lilishuka, umeme ukazimika moja kwa moja.

Bohdan alipiga kelele tukimbie. Tukakimbia.

Kisha nikanusa moshi. Ulikuwa unatoka nyuma, kwenye shimo la hewa lililopigwa, moshi wa mpira na mafuta, na katika handaki moshi haupotei, unafuata watu.

Tulifika langoni, lango kama lile alilotuonyesha Bohdan, kwenye mdomo wa stesheni ya pili. Watu walipita wakisukumana, wengine wakiburutwa, wakapanda jukwaani, ambako kulikuwa na mamia ya watu, watoto wachanga, wagonjwa wenye chupa za maji ya dawa. Bohdan alikuwa tayari ameshika mpini wa kuzungusha lango kwa mkono.

"Kendi! Umehesabu?"

Nikageuka. Niliwaona watu wangu chini ya mwanga wa tochi, wamekaa, wameinama, wanakohoa. Niliwaangalia. Kofia nyekundu ipo. Magongo yapo. Wale dada wawili wa Lagos wapo. Begi la kijani lipo. Koti la manjano lipo, limekaa sakafuni, limenigeuzia mgongo.

Jicho halikuniambia kitu.

"Nimehesabu," nikasema.

"Wangapi?"

"Ishirini na tatu. Tumetimia."

Akazungusha. Lango likatoka ukutani polepole likikwaruza. Kabla halijafunga, kitu kidogo cha kijivu kilipita chini ya miguu yetu kwa kasi. Paka. Nakumbuka nilifurahi kumwona. Haki ya Mungu, nilifurahi.

Lango likafunga.

Nilienda kumwambia Ireri kwamba paka wake amefika. Nikashika bega la manjano. Aliyegeuka ni bibi. Alikuwa amempakata paka, anamfuta masizi kwa mkono wa koti la mama yangu, anatabasamu.

Nikamuuliza yuko wapi. Akaniuliza nani. Nikamshika koti kifuani, nikamtikisa. Hapo ndipo akaelewa, uso ukamlegea. Akaelekeza kidole langoni. Alikuwa amemtuma kikapu vumbi liliposhuka, naye alinipita gizani bila mimi kumwona.

Hapohapo kubisha kukaanza, upande wa pili wa lango.

Si kwa nguvu. Alikuwa anabisha kama mtu mwenye adabu aliyefika mlangoni kwa watu. Mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza.

Nilimrukia Bohdan. Nilimwambia ni Ireri, fungua. Alisimama ameshika mpini na uso wake sikuutambua. Alisema moshi umeshajaa upande ule. Akifungua, unaingia jukwaani.

"Ni Ireri!" nikapiga kelele. "Ni Ireri wako!"

"Najua ni nani," akasema.

Watu walishasimama. Mwanamume mmoja mwenye mtoto mabegani alikuja akasimama kati yangu na mpini. Mwingine akaja. Yule mwenye magongo, ambaye nilimfunga viatu, naye alikuja akajiegemeza langoni. Hawakusema kitu kibaya. Walisimama tu.

Nikaweka mdomo kwenye chuma nikamwita. Nilimwambia alale chini, afunike pua, atafute ule mlango wa mtaro wa matofali tulioupita na Bohdan. Sijui kama alisikia. Chuma kilikuwa unene wa mkono wangu.

Kubisha kukawa kwa haraka.

Halafu kwa vidole, kama anakwaruza.

Halafu kukasimama, na sisi sote upande huu, hata watoto, tukasubiri kuanze tena. Huko juu ilikuwa saa sita mchana.

Bohdan aliteleza chini akakaa kwenye reli. Alisema neno moja tu, bila kunitazama. "Ishirini na mbili." Alikuwa ametuhesabu.

Moshi ulichukua hadi siku ya pili kutoka. Walipofungua, nilikuwepo. Walitaka kunizuia, nikamng'ata mtu mkono. Ireri alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye lango, kama mtu anayesubiri gari stendi. Alikuwa na fulana na shati jembamba. Kikapu kilikuwa mapajani mwake, tupu, na alikuwa amekifunga mfuniko wake vizuri. Ametembea gizani na moshi, amekifikia, amekikuta kitupu, na bado amekirudisha cha watu.

Alizikwa huko, kwenye makaburi ya pembeni, na watu wanne: mimi, Bohdan, na wachimba kaburi wawili waliokuwa na haraka. Bibi alinirudishia koti. Nilitaka kulikataa, lakini nikalichukua, maana sikuwa na kitu kingine chake. Bohdan hakunipa mkono. Nilipomwomba msamaha alisema hana wa kunipa, aliokuwa nao amejipa yeye mwenyewe na haukutosha.

Nilifika nyumbani nikiwa na lile koti kwenye mfuko wa plastiki. Watu waliniambia Mungu ni mkubwa. Walichinja mbuzi. Kiritiri nilikwenda na wazazi wangu na wazee wawili, tumebeba sukari na unga, na mbele ya watu wote nilisema bomu lilimuua Ireri. Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa na adui. Mama Ireri alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwamba mwanawe hakufa peke yake. Mchungaji aliomba. Nilikula chakula chao.

Uongo huo nilikaa nao miaka. Masomo sikurudia. Sasa ninafanya kazi kwenye duka la dawa, karibu na Gakoromone, na kazi yangu siku nzima ni kuhesabu. Vidonge, chupa, pakiti. Nahesabu mara mbili, nikimaliza narudia. Wenzangu wananicheka. Kanisani nahesabu vichwa. Kwenye sherehe za nyumbani nahesabu watoto wa dada yangu kwa kidole, kwa sauti, na Mama ananipiga mkono na kuuliza kwani nimerogwa. Namwambia nyamaza, Mama. Sikuwahi kumwambia mama yangu "nyamaza" kabla ya hapo.

Desemba iliyopita sikuweza tena. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nafunga vidonge vya mteja, ishirini na tatu, nikashindwa kuvitia kwenye bahasha. Mteja alinitazama, bosi akanitazama, na mimi nilikuwa nimesimama nalia juu ya vidonge vya malaria. Nikachukua koti, nikaenda Kiritiri peke yangu, bila mzee, bila sukari. Kwa desturi zetu huko ni kukosa heshima. Lakini heshima ndiyo ilikuwa imenisaidia kudanganya mara ya kwanza.

Mama Ireri nilimkuta uani anapepeta ndengu. Watoto wake wote walikuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Aliniletea kiti, akaniita "mwanangu". Niliweka koti mapajani mwake na nikasema yote. Kikapu, paka, lango. Nilisema Bohdan aliniuliza nimehesabu na nikajibu nimehesabu. Nilisema niliangalia rangi kama mwanawe alivyonifundisha. Nilisema alibisha na nilisikia.

Hakulia. Alikuwa anapitisha vidole kwenye kola ya koti. Aliuliza jambo moja: alibisha kwa muda gani. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, kama muda wa kuchemsha chai. Jikoni kwake sufuria ilikuwa motoni wakati huo, imefunikwa, na alikaa akiisikiliza mpaka ikachemka na kumwagika, hakuna aliyekwenda kuiondoa.

Kisha akasimama akaita watoto wake. Njagi, kifungua mimba, mtu mzima mwenye ndevu. Wanjira na mtoto mgongoni. Ngari. Igoki wa mwisho, bado yuko sekondari. Wakaja wakasimama mbele ya ghala, hawajui wameitiwa nini. Mama Ireri aliongea nami kwa Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, ili nisipoteze hata neno.

"Kendi. Hesabu hii watoto yangu."

"Mama, tafadhali. Watu hawahesabiwi."

"Mimi nimezaa. Mimi ndio nasema. Hesabu na kidole. Na sauti, wasikie."

Wanjira alisema, "Mami, wacha," na mama yake hakumtazama.

Nikanyoosha kidole. Moja, nikasema, na Njagi akafumba macho. Mbili. Tatu. Nilipofika kwa Igoki, yule msichana alirudi nyuma hatua moja kama ninamtupia jiwe. Nne.

"Endelea," Mama Ireri akasema.

"Wameisha, Mama."

"Endelea."

Kidole changu kilikuwa bado hewani. Baada ya Igoki palikuwa na ukuta wa ghala tu, na vumbi, na mbuzi waliokuwa wakirudi kutoka bondeni.

"Wametimia?" akaniuliza.

Ni neno lilelile nililomwambia Bohdan. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, dakika chache kabla.

"Hawajatimia, Mama."

"Hawajatimia," akasema. "Sasa umejua. Enda nyumbani."

Hakunifukuza, wala hakunisamehe. Alivaa lile koti, katika joto lile la Kiritiri, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda kusimama mlangoni kwa zizi. Mbuzi walikuwa wanaingia, yule wa doa, yule mweusi, wengine. Niliposogea kumuaga niliona midomo yake inatembea. Hakuwa anaomba. Alikuwa na kidole nje, anamgusa kila mbuzi mgongoni akipita, na kila mmoja anamtajia namba yake.